Watu wa utafiti wanabisha hodi tena: wanatafuta nini, na damu ya mtoto inakwenda wapi?

SWALI: Naishi kijiji kimoja katika bonde la Kilombero, nina watoto wawili. Tangu msimu wa kilimo uanze, watu wa taasisi ya utafiti wa afya wamekuja kwangu kwa zamu. Wa kwanza alikuja na kishikwambi, akatuhesabu, akauliza nani kazaliwa, nani kahama, nani kafariki, na paa letu ni la bati au la nyasi. Wa pili akatundika mtego wa mbu chumbani kwa watoto. Wa tatu anataka nimruhusu mwanangu wa miaka minne atobolewe kidole na atolewe damu kidogo mkononi. Juzi nimeitwa kwenye kikao cha akina mama kuzungumzia degedege, wakaturekodi sauti. Mama mkwe wangu anasema hao ni mumiani waliovaa vitambulisho. Je, wote ni ofisi moja? Mbona ni wengi hivyo? Damu wanaipeleka wapi, na sisi tunapata nini?

JIBU: Dada yangu, nianze na damu, kwa sababu hapo ndipo ilipo hofu ya mama mkwe, na swali lake ni la haki hata kama jina alilowapa litawachekesha vijana wa maabara.

Damu ya kidoleni ni matone mawili matatu. Tone la kwanza linawekwa kwenye kile kipimo cha haraka cha malaria unachokifahamu kutoka zahanati, na majibu yake unapewa hapo hapo, baada ya kama robo saa. Tone la pili linapakwa kwenye kioo, linaachwa likauke, linatiwa rangi ya Giemsa, kisha mtu anaketi mbele ya hadubini inayokuza mara elfu moja na kuanza kuhesabu. Hahesabu ovyo. Anahesabu vimelea vya malaria huku akihesabu na chembe nyeupe za damu, na chembe nyeupe zikifika 200 ndipo anapiga hesabu ya wingi wa vimelea katika damu ya mtoto. Kioo hicho hicho kinasomwa na mtu wa pili ambaye hajui mwenzake kaandika nini. Wakipishana sana, anaitwa wa tatu. Tone la mwisho linadondoshwa kwenye kipande cha karatasi nene ya kuchujia, likikauka linafungwa kwenye mfuko mdogo pamoja na punje za kufyonza unyevu. Karatasi hiyo inaweza kukaa miezi mingi na bado mtu akasoma vinasaba vya vimelea vilivyokuwamo.

Ile ya mkononi ndiyo inayowatisha wazazi zaidi, basi tuipime. Mara nyingi kwa mtoto wa umri huo inaombwa mililita mbili hadi tano. Kijiko cha chai kinachukua tano. Mtoto wa miaka minne mwenye kilo 15 ana damu ipatayo lita moja na ushee, maana kila kilo ya mwili wake ina mililita 75 hadi 80. Kwa hiyo kijiko hicho kimoja hakifiki hata nusu ya asilimia moja ya damu yake. Miongozo inayofuatwa na kamati nyingi za maadili, zile zinazopitia utafiti na kuuruhusu kabla haujaanza, inaweka ukomo wa siku moja kati ya asilimia 1 na 5, na mtoto mgonjwa au mwenye upungufu wa damu anawekewa ukomo wa chini zaidi. Ukiambiwa kiasi kinachozidi hapo, hiyo ni sababu ya kutosha ya kusema hapana.

Mama mkwe akisema damu hiyo inauzwa, mwambie hivi: damu ya kuongezewa mgonjwa inatoka kwa mtu mzima, mfuko wa mililita 450 hivi, na inapimwa kundi na magonjwa kabla haijamgusa mtu. Kichupa cha utafiti kina kijiko kimoja, na kikishafunguliwa maabara hakifai tena kwa mgonjwa yeyote. Kinazungushwa kwenye mashine mpaka majimaji yanajitenga na chembe, majimaji yanagawanywa kwenye vichupa vidogo zaidi, vinabandikwa namba na kuingizwa kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Kwenye kichupa hakuna jina la mwanao, kuna namba tu. Orodha inayounganisha namba na jina inafungiwa mahali pengine, na wanaoifungua ni wachache.

Damu inaweza kwenda nje ya nchi? Inaweza, na usikubali mtu akuzungushe kwenye hilo. Kuna vipimo ambavyo mashine zake haziko kila mahali. Lakini sampuli haipandi ndege kwa utashi wa mtafiti: lazima pawe na makubaliano ya maandishi kati ya taasisi mbili, na kibali cha mamlaka za nchi. Tanzania njia hiyo inapitia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR. Na fomu ya ridhaa nzuri inakuuliza jambo hilo peke yake, pamoja na lile la kuhifadhi damu kwa tafiti za baadaye, ili uweze kukubali kidole na kukataa friza.

Hilo la mumiani silichukulii kama ushamba. Pwani na bara, hadithi za watu wanaonyonywa damu zilienea sana enzi za ukoloni, wakati ambapo daktari wa serikali angeweza kupanga kijiji kizima foleni na kuchukua damu bila kumweleza mtu chochote. Kilifi, Kenya, kwenye kituo kikubwa cha utafiti kilichoanzishwa mwaka 1989, watafiti wenyewe wameandika waziwazi jinsi wenyeji walivyokuwa wakinong'ona kuhusu damu na hata kuhusu ibada za shetani. Hawakuishia kuwaita wajinga. Katikati ya miaka ya 2000 walianzisha utaratibu wa wawakilishi wanaochaguliwa na wanavijiji, ambao wanakutana na watafiti na kuwaambia usoni yale yanayosemwa vijiweni. Kwa hiyo hofu ya mama mkwe ina historia, na taasisi inayojiheshimu inatakiwa iwe tayari kukaa naye mkekani na kumjibu.

Sasa, je, ni ofisi moja? Hukuitaja taasisi, na mimi siwezi kuthibitisha kutoka hapa nani kakaa barazani kwako. Hilo linamalizwa na kitambulisho na barua iliyopitia kwa mtendaji wa kijiji. Lakini kwa bonde lenu jibu la kawaida ni taasisi ya utafiti ya Ifakara, na ukiijua historia yake hutashangaa kuona watu wanne wenye kazi nne tofauti.

Mwaka 1957 mwanasayansi wa Uswisi, Rudolf Geigy, alifungua maabara ndogo pale Ifakara, tawi la taasisi ya magonjwa ya tropiki ya Basel. Yeye alikuwa mtu wa wanyama na wadudu. Kilichomvutia ni papasi waenezao homa ya vipindi, na mbung'o, na namna vimelea vinavyoishi ndani ya miili yao. Ilikuwa sayansi safi, ya hadubini na vizimba, na mkazi wa kijijini angeweza kuishi jirani nayo miaka mingi bila kuona imemhusu nini. Miaka ya 1990 maabara ile ikageuka kituo cha Kitanzania chenye bodi yake, na tangu 2008 inaitwa Taasisi ya Afya Ifakara. Leo ina matawi Bagamoyo, Dar es Salaam na Rufiji, na sehemu kubwa ya watafiti wake ni Watanzania na Waafrika wenzao. Katika safari hiyo iligundua jambo ambalo kila taasisi ya aina hii imeligundua kwa jasho: malaria haitatuliwi na mtu wa hadubini akiwa peke yake.

Chukua yule wa kwanza, wa kishikwambi. Wengi wanamdharau kwa sababu hana koti jeupe, kumbe wengine wote wanamtegemea yeye. Bonde lenu lina sensa ya kudumu iliyoanza mwaka 1996, ikifuatilia kaya kwa kaya nani kazaliwa, nani kahamia, nani kafa. Vifo vingi vya vijijini vinatokea nyumbani, hakuna daktari aliyeandika chanzo, na cheti hakipo. Ndiyo maana akisikia pana msiba anarudi baada ya muda na maswali mazito: homa ilianza lini, alitapika, alipumua kwa shida, alipata degedege? Majibu hayo yanapitiwa na madaktari au programu ya kompyuta ili kukisia kwa uangalifu kilichomuua marehemu. Ni kazi ngumu kwa anayeuliza na kwa anayejibu, na una haki ya kumwambia aje siku nyingine. Lakini fikiri ingekuwaje bila yeye. Hospitali inaweza kusema imepokea watoto 40 wenye malaria mwezi huu badala ya 60 wa mwezi uliopita. Ni kwa sababu malaria imepungua, au ni kwa sababu mvua imekata barabara, au watu wamehamia mashambani kulinda mpunga? Mwenye sensa ndiye anayejua.

Na swali la paa si umbea. Mbu wa malaria anapenda kuingilia ule mwanya kati ya ukuta na paa. Nyumba ya tope yenye mwanya wazi na nyumba ya tofali iliyozibwa juu ni mazingira mawili tofauti kabisa kwa mbu, hata kama ziko hatua kumi kutoka moja hadi nyingine.

Tuje kwa mtu wa mbu, maana hapa ndipo bonde lenu limeifundisha dunia.

Mtego aliotundika chumbani unafanya kazi kwa taa ndogo na feni inayoendeshwa kwa betri. Unatundikwa karibu na miguu ya mtu aliyelala ndani ya chandarua, kiasi cha mita moja na nusu kutoka sakafuni. Mbu anavutwa na harufu ya mtu, anakuta neti, anazungukazunguka, anaifuata taa, feni inamvuta chini kwenye mfuko. Mtego hauiti mbu wa kijiji kizima. Unawanasa wale ambao wangeingia hata hivyo. Sharti moja tu: chandarua cha watoto kiwe kizima na kimechomekwa vizuri. Kikiwa kimetoboka, mwambie fundi wa mtego kabla hajawasha taa, na asipojali mrudishe alikotoka.

Asubuhi mfuko unakwenda maabara, na hapo kuna mtu anayekaa na kibanio na hadubini ndogo akiwatenga mmoja mmoja: dume huku, jike kule, mwenye damu tumboni, mwenye mayai, mwenye njaa. Wale ndugu wanaofanana kama mapacha wanatenganishwa kwa vinasaba vya mguu au bawa. Kichwa na kifua cha jike vinasagwa na kupimwa kama vina vimelea vilivyo tayari kumwingia mtu. Tumbo lenye damu nalo linapimwa kujua alikunywa wapi: kwa mtu, ng'ombe, kuku au mbwa.

Kwa kazi hiyo ya kuchosha ndiyo watafiti wa Ifakara waligundua jambo ambalo usingelijua kwa kuhesabu tu. Baada ya vyandarua vyenye dawa kuenea, mbu aliyekuwa mfalme wa zamani wa malaria bondeni, Anopheles gambiae, karibu atoweke. Aliyebaki kwa wingi ni Anopheles arabiensis, anayeweza kunywa damu ya ng'ombe na kuuma nje ya nyumba. Ukiangalia mfuko wa mtego ungesema huyu ndiye adui. Lakini vipimo vya vimelea vikaonyesha kwamba sehemu kubwa ya maambukizi yaliyobaki, zaidi ya asilimia 80 katika vijiji vilivyochunguzwa, inaletwa na Anopheles funestus, ambaye kwenye mtego ni mchache. Huyu anapenda damu ya binadamu, anapenda kuingia ndani, anaishi muda mrefu, na anazaliana kwenye maji ya kudumu, hivyo kiangazi hakimmalizi. Dawa nyingi za kunyunyizia hazimtishi tena. Maana yake ni kwamba ukitumia fedha kumfukuza yule mwingi, unaweza kupunguza mbu na usipunguze homa.

Hapo hapo mtu wa mbu anakwama, na anamhitaji mtu wa maswali. Chandarua kinamlinda mtu aliye ndani yake. Wewe unaingia saa ngapi? Saa moja jioni uko jikoni, na jiko lenyewe mara nyingi ni banda la miti lililo wazi pande mbili. Saa mbili mnakula uani. Watoto wanacheza, mwenzako yuko kijiweni, saa nne ndiyo watu wanaanza kulala. Watafiti wa Ifakara, Marceline Finda akiwa miongoni mwao, wamekaa na kaya wakiandika saa kwa saa nani yuko nje na nani kalala, kisha wakaweka mchoro huo juu ya mchoro wa saa ambazo mbu wanauma. Sehemu michoro miwili inapokutana na neti haipo, hapo ndipo malaria inapopenya. Na msimu wa mpunga familia nzima inahamia kwenye vibanda vya shambani visivyo na kuta za maana. Hakuna hadubini itakayokuambia hilo. Anayelijua ni wewe na jirani zako.

Ndiyo maana umeitwa kwenye kikao cha degedege. Miaka ya 1990 wanasayansi wa jamii waliokaa na akina mama Bagamoyo na Ifakara walikuta jambo lililowastua madaktari. Akina mama walikuwa wanaijua homa ya malaria vizuri na kuipeleka zahanati. Lakini mtoto akikakamaa, akigeuza macho na kutetemeka, kwao hiyo haikuwa malaria iliyozidi. Ilikuwa ni ugonjwa mwingine, wa shetani au wa ndege, na dawa yake iko kwa mganga. Wengine waliamini kabisa kwamba mtoto wa degedege akichomwa sindano atakufa. Sasa weka hapo bango la serikali linalosema "malaria inatibika, wahi hospitali". Mama analisoma, analikubali, na bado mtoto wa degedege anapelekwa kwa mganga, kwa sababu bango halikumtaja. Taarifa hiyo isingepatikana kwenye kichupa chochote cha damu. Ilipatikana kwa watu kukaa, kunyamaza na kusikiliza. Tafiti za miaka ya 2000 zikaonyesha mambo yamebadilika, wazazi wengi bondeni wanakimbilia tiba ya kisasa, na tatizo limehamia kwingine: zahanati haina dawa, au duka la dawa linauza dozi pungufu. Wanakuuliza tena kwa sababu majibu ya mama yako si lazima yawe majibu yako.

Rekodi ya sauti ni kwa ajili ya kuandika maneno yenu kama yalivyosemwa. Inatakiwa majina yaondolewe kwenye maandishi na sauti ifutwe baada ya muda uliotajwa kwenye fomu. Kama hawakuwaambia hivyo, waulizeni.

Unapotaka kuona kazi hizi zikiungana, tazama chandarua kilicho kitandani kwako. Mwaka 1996 hapo hapo Kilombero ulianza mradi wa vyandarua vyenye dawa uliojulikana kama KINET. Wanasayansi wa jamii waliwasikiliza wanavijiji kwanza, wakaona kwamba mtu ananunua neti kwa sababu ya kero ya mbu na usingizi, siyo kwa ajili ya malaria, na kwamba wengi wanaitundika masika na kuikunja kiangazi. Chandarua kikauzwa kwa jina la Zuia Mbu. Wachumi wakaangalia nani anaweza kulipa na nani hawezi. Mtu wa sensa akahesabu vifo. Matokeo yaliyochapishwa 2001 yalionyesha kwamba chandarua chenye dawa kiliongeza nafasi ya kuishi ya watoto wa mwezi mmoja hadi miaka minne kwa asilimia 27. Hiyo si takwimu ya maabara. Ni watoto wa vijiji vyenu. Mwaka 2004 serikali ikaanzisha Hati Punguzo, hati ya kununulia chandarua kwa bei nafuu, kwa wajawazito, na mafunzo ya Kilombero yalikuwa sehemu ya msingi wake. Ukiulizwa utafiti umeleta nini, anza na hapo.

Lakini nisikuuzie upande mmoja. Bonde hilo hilo, kijiji cha Idete, mwanzoni mwa miaka ya 1990 watoto walipewa chanjo ya majaribio ya malaria iliyoitwa SPf66, iliyobuniwa na Manuel Patarroyo wa Colombia. Matokeo ya kwanza, mwaka 1994, yalionyesha kinga ya asilimia 31, na magazeti ya dunia yakashangilia. Majaribio ya Gambia na Thailand hayakuona kinga ya maana, na jaribio jingine lililofanyika Ifakara kwa watoto wachanga nalo likatoka karibu mikono mitupu. Chanjo ikawekwa kando. Wazazi wa Idete walitoa muda wao na watoto wao kwa kitu ambacho hakikufanya kazi. Je, walipoteza? Chanjo hawakuipata. Ila ujuzi wa kufanya jaribio la chanjo kwa viwango vya kimataifa, kuanzia kuhifadhi sampuli hadi kumfuatilia kila mtoto nyumbani, ulibaki nchini, na Bagamoyo ikaurithi. Huko ndiko chanjo nyingine ya malaria, RTS,S, ilijaribiwa kwa watoto wachanga wa Kitanzania, matokeo yakatoka 2008, kisha Bagamoyo na Korogwe zikaingia kwenye jaribio kubwa la vituo 11 katika nchi saba lenye watoto 15,459. Kwa watoto wa miezi 5 hadi 17 waliopata dozi nne, ilipunguza malaria kwa asilimia 36 katika miaka minne. Shirika la Afya Duniani liliipitisha Oktoba 2021. Chanjo ya pili, R21, nayo ilijaribiwa Bagamoyo na Kilifi miongoni mwa vituo vyake, ikapitishwa 2023. Tangu majaribio ya Idete hadi hapo ni karibu miaka 30. Anayekuahidi matunda mwaka kesho anakudanganya.

Na kwa nini bado wanataka damu, wakati malaria tunaijua tangu babu zetu? Kwa sababu inabadilika. Kilombero inaweza kuonekana mbali na Kagera, lakini huko Karagwe wamepatikana vimelea vyenye badiliko la vinasaba linalovifanya vichelewe kusafishika mgonjwa anapomeza dawa mseto. Badiliko kama hilo lilikuwa limeshaonekana Rwanda. Dawa mseto bado inaponya, usiache kumpa mtoto dozi kamili. Ila mtu anayefuatilia kama badiliko hilo limefika kwenu hana njia nyingine isipokuwa ile karatasi yenye tone lililokauka.

Nije kwenye faida yako wewe, leo. Kwa kawaida mtoto aliye ndani ya utafiti anapimwa bure na akikutwa na malaria anatibiwa bure. Unaweza kurudishiwa nauli na kufidiwa muda. Kama ni jaribio la dawa au chanjo, lazima pawe na bima au mpango wa kumhudumia mtoto akidhurika, na lazima liwe na kibali cha Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba juu ya kile cha kamati za maadili. Zaidi ya hapo faida inakwenda kwa wote, na inachelewa. Sipendi mtu aingie kwenye utafiti kwa sababu ya sabuni au sukari, na sipendi mtafiti anayeitanguliza sabuni kabla ya maelezo.

Kuna kasoro moja ambayo naiona kila mahali nilipofanya kazi: kurudisha majibu. Watu wanatoa damu, wanatoa siri za msiba wao, kisha matokeo yanachapishwa kwa Kiingereza kwenye jarida ambalo mwenyekiti wa kijiji hatalisoma maisha yake yote. Fomu zenyewe ni ndefu kupita kiasi, kurasa juu ya kurasa, zimeandikwa ili kumlinda mwanasheria zaidi ya kumwelewesha mama. Nimekaa kwenye kamati ya maadili nikapigania fomu zifupishwe, na ninajua vita hivyo haviishi.

Kwa hiyo yule wa tatu akirudi, usimpe jibu mlangoni. Mkaribishe, mwite mama mkwe akae, na baba watoto kama yupo, kisha mwambie akueleze bila kusoma karatasi: mnatafuta jibu la swali gani? Damu kiasi gani, mara ngapi, hadi lini? Itakaa wapi, na kwa miaka mingapi? Itasafiri? Mtoto akiugua usiku nampigia nani? Utafiti ukiisha, mtakuja kutuambia mlichopata, na mtatuambia wapi? Mtu anayeijua kazi yake anajibu hayo kwa Kiswahili cha kawaida ndani ya dakika chache. Akijikanyaga, mwambie aje na mkubwa wake. Nakala ya fomu yenye saini ni yako, ihifadhi, ina namba za simu za mtafiti mkuu na za kamati ya maadili. Namba hiyo ya pili si ya mapambo. Mzazi akipiga, kamati inawajibika kumsikiliza, na inaweza kuusimamisha utafiti.

Unaweza kukubali leo na kujitoa wiki ijayo bila kueleza sababu. Kukataa hakumwondolei mwanao haki yoyote zahanati, na mhudumu akikutishia vinginevyo, hilo ni kosa la kuripotiwa kwenye namba hiyo hiyo. Unaweza pia kuchagua: kukubali sensa na mtego, kukataa damu ya mkononi. Wengi wanafanya hivyo.

Na jambo moja ambalo wazazi walio ndani ya utafiti wanalichanganya: watafiti si zahanati yako. Mtoto akipimwa Jumatatu akakutwa hana malaria, akapata homa Alhamisi, usikae kumsubiri mtu wa kishikwambi eti amezoea kuja. Akichemka, akikataa kunyonya au kula, akipumua kwa shida au akikakamaa, mbebe usiku huo huo. Kadi ya utafiti ichukue, ili daktari ajue ni dawa au chanjo gani ameshapewa.